Kitanda Usichokilalia Hujui Kunguni Wake

 Kama uko jikoni ukisonga ugali, kama uko ndani ya matatu ukirudi nyumbani, au kama umeketi dukani ukimngojea mteja wa mwisho, nakukaribisha katika mazungumzo yetu ya afya ya juma hili.

Leo tunaingia chumba cha kulala. Usishtuke, hatuingii kupekua siri za mtu. Tunaingia kukitazama kitanda chenyewe. Hebu piga hesabu nami. Mtu anayelala saa nane kila usiku hutumia theluthi moja ya maisha yake kitandani. Akifikisha umri wa miaka 60, miaka 20 kati ya hiyo ameimaliza akiwa amelala. Hakuna kiti, meza wala kabati tunayokaa nayo karibu hivyo. Kwa hiyo kuchagua kitanda si jambo la urembo peke yake. Ni jambo la afya.

Siku hizi kitanda kinachotamaniwa na wengi ni kile kilichovalishwa kitambaa. Unakijua. Si kile cha mbao tupu, wala kile cha vyuma kinacholia ukijigeuza. Ni kile ambacho ubao wa kichwani umetiwa sponji nene, ukafunikwa kwa mahameli au ngozi bandia, kisha ukashonwa kwa vifungo vilivyozama ndani kama vitovu. Ukipita kwa mafundi wa Gikomba jijini Nairobi, au wa Kibuye kule Kisumu, utavikuta vimepangwa kando ya njia: vya kijivu, vya samawati, vya zambarau. Bibi harusi akikiona, moyo unamwenda mbio. Nami nilipokiona cha kwanza, moyo ulinienda mbio.

Sisemi ni kitanda kibaya. Kina faida zake. Unaweza kuegemea ukasoma au ukamnyonyesha mtoto bila mgongo kuuma. Mtoto akiruka hagongi kichwa kwenye mbao. Tena kinapendeza, na chumba kinachopendeza humpumzisha mtu roho. Lakini wahenga walituachia neno: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii tumezoea kuitumia tukizungumzia ndoa, kazi au majirani. Leo nataka tuichukue vile vile ilivyo, kwa kitanda na kwa kunguni.

Nitakusimulia kisa changu mwenyewe, ingawa kwa miaka kadhaa niliona haya kukitaja. Mimi ndimi ninayewaambia watu wanawe mikono, wachemshe maji, wafunike chakula. Basi mwaka mmoja tulihamia nyumba kubwa kidogo. Mimi na mume wangu tukasema sasa tupate kitanda cha heshima. Tukapata kimoja kilichotumika, mwenyewe alikuwa anahama mji. Kilikuwa futi tano kwa sita, mahameli ya zambarau, vifungo vinang'aa, na bei yake nusu ya kipya. Tulikitazama mbele. Tukakipapasa. Tukakikalia. Jambo moja hatukulifanya: hatukukipindua.

Baada ya majuma matatu nikaanza kujikuna. Vipele vilinitoka mkononi na shingoni, vitatu vitatu vimefuatana kama shanga. Mume wangu, ambaye tunalala kitanda kimoja, hakuwa na hata kipele kimoja, kwa hiyo akasema ni mbu wananipenda mimi. Nikanunua chandarua kipya. Nikabadilisha sabuni. Nikapaka dawa ya mzio. Hakuna kilichosaidia. Mtoto wetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka miwili, akaanza kuamka usiku akilia.

Ndipo mama mkwe alipokuja kututembelea. Tukampa chumba chetu alale yeye, kama ilivyo adabu. Asubuhi hakusema neno mbele ya mwanawe. Alinifuata jikoni, akarudisha mlango, akaniambia polepole, "Mwanangu, kitanda kile kina kunguni. Mimi nimekua nao, nawajua hata kwa harufu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Machozi yakanilengalenga. Akanishika bega, akasema, "Usilie, mama. Kunguni si aibu. Aibu ni kuwaficha." Kweli, mgeni njoo mwenyeji apone.

Tukaenda chumbani, tukakivuta kitanda kutoka ukutani, tukakigeuza. Nyuma ya ule ubao mzuri wa mahameli kulikuwa na kitambaa chembamba cheusi kilichopigiliwa kwa pini. Mama akakichana kwa kisu cha jikoni. Ndani, kwenye kona za mbao na mikunjo ya sponji, walikuwamo wengi nisiweze kuwahesabu, wazee kwa watoto, pamoja na mayai meupe na madoa meusi. Muda wote ule tulikuwa tukiwalisha sisi.

Sasa sikiliza kosa letu la pili, maana hilo ndilo lililotaka kutugharimu. Mama alitueleza kwamba zamani kitanda kingetolewa juani, kikagongwagongwa, kisha viungo vyake vikamwagiwa maji yanayochemka. Lakini kitanda cha sponji utakimwagiaje maji? Kingekunywa yote, na kukauka kisikauke. Siku iliyofuata mama aliondoka kurudi kwake, nami nikaenda kazini. Mume wangu akaenda sokoni, akarudi na dawa katika chupa ya soda. Haikuwa na kibandiko. Aliyemwuzia alimwambia ni dawa kali ya shambani, inaua mara moja. Akaupulizia ubao wa kichwani mpaka ukalowa, akafunga madirisha, na usiku ule tukalala sebuleni.

Kesho yake tukafungua madirisha. Harufu ikapungua. Tukadhani mambo yamekwisha. Alasiri mtoto akapanda kitandani kucheza, akauegemea ubao, akaupapasa, kisha akatia vidole mdomoni kama watoto wafanyavyo. Kabla jua halijatua alikuwa anatokwa na mate mengi na jasho, anatapika, anapumua kwa shida, na mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Tukamkimbiza hospitali. Daktari wa zamu alituuliza swali moja tu, "Mmepuliza dawa gani?" Hatukuwa na jina la kumwambia. Chupa haikuwa na jina.

Alilazwa siku tatu. Mungu alitujalia, akapona. Lakini swali la daktari yule bado nalisikia.

Ndiyo maana leo nakuambia neno moja, na ukisahau mengine yote shika hili: usichague kitanda kwa uso wake tu. Chagua kitanda unachoweza kukifungua, kukitazama ndani na kukisafisha. Mbao unaiosha, chuma unakifuta. Sponji haifanyi hivyo. Sponji hunywa. Vumbi, jasho, mkojo wa mtoto na sumu ya kuulia wadudu, vyote vikiingia mle ndani kuvitoa ni kazi ngumu mno.

Sasa tumjue adui. Kunguni mzima ana urefu wa takriban milimita tano, mwekundu wa kahawia, bapa kama karatasi kabla hajala. Kwa sababu ya ubapa huo anaingia penye ufa mwembamba kabisa. Mchana anajificha, usiku anafuata joto la mwili wako na pumzi unayotoa. Ananyonya kwa dakika tano hadi kumi, kisha anarudi mafichoni. Jike hutaga mayai kidogo kidogo kila siku, na katika maisha yake hufikia mamia. Mayai huanguliwa kwa muda wa siku sita hadi kumi hivi. Na usidhani ukihama chumba utamwua kwa njaa, kwani anaweza kukaa miezi bila kula akakungoja urudi.

Watu wawili wakiumwa naye, mmoja anaweza kuvimba na mwingine asione kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwangu na mume wangu. Kwa hiyo mwenzako akijikuna, usimcheke. Jambo la kutuliza moyo ni kwamba kunguni haambukizi malaria wala virusi vya Ukimwi. Madhara yake ni mwasho, vidonda vya kujikuna vinavyoweza kuingia usaha, usingizi kupotea, na fikira kuchoka.

Tena kunguni si alama ya umaskini wala uchafu. Mwaka 2023 mji wa Paris, Ufaransa, ulijaa habari za kunguni katika treni na kumbi za sinema, na serikali yenyewe ikalazimika kulizungumzia. Kunguni hatafuti maskini wala tajiri. Anatafuta damu na mahali pa kujificha. Na mahali pa kujificha, kitanda cha kitambaa kinampa pengi: nyuma ya ubao, chini ya vifungo, kwenye mishono, kwenye mstari wa pini na kwenye matundu ya misumari.

Basi ukienda kununua, utazame nini? Nina mambo saba. Kama una kalamu, andika.

La kwanza, kitanda kifunguke. Ubao wa kichwani na mbao za ubavuni, zile ambazo wazee wa pwani huziita mifumbati, ziungwe kwa bolti na nati, si kwa misumari na gundi pekee. Ukiweza kukifungua kwa spana, utaweza kukitoa nje na kukikagua. Kizuri zaidi ni kile ambacho kitambaa chake ni kama kava la kochi, kina zipu, unakivua na kukifua. Mwambie fundi wako. Si kazi ngumu kwake, ila hataifanya kama hukuomba.

La pili, kiwe na miguu. Viko vitanda vilivyovalishwa kitambaa mpaka sakafuni, kama gauni la harusi. Vinapendeza, lakini mvungu wake ni giza usiloweza kufagia. Chagua chenye tendegu zinazoonekana, na mvungu ambao ufagio unapita kwa urahisi. Tendegu zina faida nyingine: unaweza kuzisimamisha ndani ya mikebe yenye maji na sabuni, na kunguni wa sakafuni wasipate njia ya kupanda. Lakini mikebe haisaidii kitu kama kitanda kimeegemea ukuta au shuka inaburuta chini. Kiache kiganja kimoja kutoka ukutani.

La tatu, kitambaa chenyewe. Mahameli ni mazuri kwa macho, lakini manyoya yake hukamata vumbi. Ngozi bandia unaifuta kwa kitambaa chenye maji, ingawa ikipigwa na jua la dirishani miaka mingi hubambuka. Kitambaa kilichofumwa kwa kubanana, kisicho na manyoya, ni cha katikati na kinafaa nyumba nyingi. Rangi isiyokolea hukuonyesha doa mapema. Na vifungo, kadiri vinavyopungua ndivyo mashimo ya vumbi na wadudu yanavyopungua. Kitanda kinaweza kupendeza sana kwa mshono ulionyooka bila kifungo hata kimoja.

Hapa niseme na wewe mwenye pumu, au mwenye mtoto wa pumu. Mbali na kunguni kuna utitiri wa vumbi. Huyu ni mdogo mno, hafiki hata nusu milimita, macho matupu hayamwoni. Haumi wala hanyonyi damu. Anakula magamba ya ngozi yanayotudondoka, na kinyesi chake tukikivuta puani ndicho kinachoamsha pumu na mafua ya mzio. Anapenda joto na unyevu, ndiyo maana watu wa Mombasa, Lamu na kando ya Ziwa Victoria yawapasa kuwa waangalifu zaidi. Kwa nyumba yenye pumu, shauri langu ni kitanda cha mbao au chuma, au kama moyo umeshapenda sponji, basi kiwe cha ngozi bandia unayoifuta kila juma. Shuka na foronya zifuliwe kila juma kwa maji moto. Na dawa ya pumu aliyokupa daktari usiiache eti kwa kuwa umebadilisha kitanda.

La nne, chaga. Wengi huvutiwa na ubao wa kichwani wakasahau vile vibao vinavyobeba godoro. Inua godoro dukani, uzihesabu. Ziwe nene, zimekazwa, na nafasi kati yake isizidi inchi tatu hivi. Zikiachana sana, godoro la sponji huzama katikati, nawe unaamka mgongo unalia. Na kama badala ya chaga kuna ubao mmoja mzima, uwe na matundu ya kupitisha hewa, la sivyo jasho litakaa chini ya godoro na kuota ukungu.

La tano, kimo. Weka godoro, kisha keti ukingoni. Nyayo zako zikae sakafuni sawasawa na magoti yako yakunjike kama pembe ya meza. Kwa watu wazima wengi ni kama inchi 18 hadi 22 kutoka chini mpaka juu ya godoro. Kitanda cha chini mno humtesa mama mjamzito na mzee mwenye maumivu ya magoti. Kitanda cha juu mno humwangusha mtoto, na mzee anayeamka usiku kwenda msalani. Kama kitanda ni cha baba au mama yako mzee, mpeleke dukani akikalie yeye mwenyewe. Usimchagulie kwa macho yako.

La sita, vipimo. Kitanda cha futi tano kwa sita ni kipimo cha godoro, si cha kitanda. Sponji ya ubavuni na ya kichwani huongeza inchi kadhaa kila upande. Kwa chumba cha futi kumi kwa kumi, inchi hizo ndizo njia yako ya kupita. Pima chumba, pima mlango, ndipo uende sokoni. Tena kumbuka chandarua. Mwaka 2006 serikali ya Kenya iligawa mamilioni ya vyandarua vyenye dawa bila malipo, na ugawaji umerudiwa mara nyingi tangu hapo, lakini chandarua hakikingi malaria kama hakijachomekwa chini ya godoro pande zote. Vitanda vingi vya kitambaa hulibana godoro hata mkono usipite. Jaribu pale pale dukani. Mkono wako ukikosa nafasi, chandarua nacho kitakosa. Lakini kwa mtoto mchanga angalia kinyume chake: kusiwe na pengo kati ya godoro na ubao linaloweza kumnasa kichwa. Mchanga alazwe chali, juu ya godoro gumu kidogo, mbali na mito na sponji laini inayoweza kumziba pumzi.

La saba, harufu na moto. Kitanda kipya kikinuka gundi, kiache siku kadhaa kwenye chumba kilichofunguliwa madirisha kabla hujakilalia, hasa kama nyumbani kuna mtoto au mwenye pumu. Na kumbuka kwamba sponji hushika moto upesi, na moshi wake una sumu inayoua hata kabla moto haujakufikia. Usiweke mshumaa, koroboi wala dawa ya mbu ya kuwasha karibu na ubao wa kichwani. Na usivute sigara kitandani.

Hayo ndiyo saba. Sasa, kama unatengenezewa na fundi, nenda ukakione kabla hakijavalishwa. Fundi mwaminifu hatakasirika. Tazama kama mbao zimekauka na hazina matundu ya wadudu. Tazama sponji anayotia: ni mpya, au ni vipande vya makochi ya zamani vilivyookotwa? Sponji kuukuu ndiyo inayobeba wageni. Kitambaa kikishafungwa, hutajua tena kilichomo.

Kama unanunua kilichotumika, na si kosa kununua kilichotumika, nenda mchana, chukua tochi, kadi ngumu ya zamani na kitambaa cheupe chenye maji. Omba ruhusa, kipindue kitanda. Mulika nyuma ya ubao, chini ya vifungo, kwenye ncha za chaga. Pitisha kadi kwenye mishono yote. Unatafuta madoa meusi kama nukta za kalamu, maganda ya rangi ya majani makavu, mayai meupe ya milimita moja, au kunguni wenyewe. Ukiona doa jeusi, lipanguse kwa kile kitambaa cheupe. Likitoka na kutia rangi ya kahawia iliyokolea, huenda ni kinyesi cha kunguni. Mwenye kuuza akikukataza kukipindua, mshukuru, uende zako.

Na ikiwa umeshawapata? Usinunue dawa isiyo na kibandiko. Nimekwambia yaliyotupata. Dawa ya shambani ikae shambani. Dawa ya nyumbani iwe katika chupa yake, yenye maelezo, na iliyosajiliwa na PCPB, ile halmashauri inayosimamia dawa za wadudu nchini. Usipulize mahali mtu anapolaza kichwa. Usimwage mafuta ya taa. Hayo ni kuwasha moto kitandani kabla ya kiberiti. Tena siku hizi kunguni wengi wamezoea dawa za kawaida, kwa hiyo kuongeza dawa kunamdhuru mwanao zaidi kuliko kunguni.

Silaha yako kubwa ni joto. Shuka, blanketi, mapazia na nguo zinazostahimili, ziloweke katika maji ya moto kabisa, kisha uzianike juani na kuzipiga pasi kwenye mishono. Fungua kitanda. Mbao na chaga unazimwagia maji yanayochemka kwenye viungo. Ubao wa sponji uvue kitambaa cha nyuma, usugue kwa brashi juu ya beseni la maji ya sabuni, uziba nyufa. Jua peke yake halitoshi, kwa sababu kunguni hukimbilia upande wa kivuli. Rudia kazi hiyo baada ya siku kumi, na tena baada ya kumi nyingine, kwa ajili ya mayai yatakayokuwa yameanguliwa. Waambie majirani wa pande zote mbili, maana kunguni hupita ukutani. Zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako au afisa wa afya ya umma, akuelekeze kwa watu wa kupuliza dawa wanaojua kazi yao.

Ikitokea mtu amekwisha kudhurika na dawa, ukaona mate mengi, jasho, kutapika, mboni ndogo au kupumua kwa shida, usingoje asubuhi. Usimpe maziwa wala usimtapishe. Mvue nguo zilizoingia dawa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni upesi, umpeleke hospitali, na uichukue chupa uende nayo.

Kitanda chetu cha zambarau kiliishaje? Hatukukiuza, wala hatukumpa mtu. Dhamira ilitukataza. Tulikipasua kitambaa kwa kisu huku na huku, tukaandika kwa rangi juu yake "KUNGUNI NA SUMU", ndipo tukakitoa kwa wazoa taka, ili asije mwingine akakiokota kwa furaha kama tulivyokichukua sisi.

Leo tunalalia kitanda kingine. Ndiyo, kina kitambaa, sikuacha kupenda vizuri. Kitambaa chake ni cha kijivu kisicho na manyoya, kina zipu, hakina kifungo hata kimoja, na kimesimama juu ya miguu minne ya mbao. Fundi alicheka nilipomwambia nataka kukiona kikiwa uchi kwanza. Lakini alinionyesha. Na kila mwisho wa mwezi, mimi na yule mtoto, ambaye sasa ni kijana aliyenipita kimo, tunakivuta kutoka ukutani na kumulika nyuma yake kwa tochi. Yeye hakumbuki siku ile. Mimi nakumbuka kwa niaba yake.

Basi msikilizaji mpenzi, leo usiku kabla hujazima taa, vuta kitanda chako kidogo, inua kona moja ya godoro, utazame. Usipoona kitu, lala salama. Ukiona kitu, usione haya. Sema. Kinga ni bora kuliko tiba, na kilichosemwa mapema hutibika mapema.

Tukutane tena juma lijalo, saa kama hii, Mungu akipenda. Mpaka wakati huo, lala unono. Kwaheri.